Kuku Aliyefungwa Mguu wa Kulia

Kasiani Ndunguru alikuwa mtu wa kuhesabu. Ndiyo kazi iliyomtoa kwao Mbinga ikamleta Mtwara mwaka themanini na tisa: karani wa bandarini, kalamu sikioni, daftari kwapani, anahesabu magunia ya korosho yanavyopanda melini. Hata akienda msibani, kabla hajakaa mkekani keshajua waliokaa ni wangapi. Sasa niambieni nyie, mtu wa namna hiyo anashindwaje kumjua kuku wa mkewe? Nimemsikia akijitetea mara nyingi, na kila mara nimemwambia: Kasiani, nyamaza, huna utetezi.

Alikaa Magomeni, nyumba ya bati, vyumba vitatu. Aliyepakana naye ukuta kwa ukuta ni Bi Mgeni, mjane wa Kimikindani, mwanamke mwenye mkono mpana wa kutoa na mdomo usiojua kunong'ona. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua wa makuti, aliishi Bi Warda. Huyu alikuwa ameachika mara mbili, hana mtoto wala mlezi, na kilichomweka mjini ni vitumbua. Alivipika vizuri, hilo hata maadui zake walikubali huku midomo ikiwa imejaa.

Mwaka ninaousema ni ule wa mvua za elinino. Yustina, mkewe Kasiani, alikwenda Mbinga mwezi wa kumi na moja kumuuguza mama yake, akaahidi kurudi kabla ya Krismasi. Barabara ya Tunduru ikageuka tope, malori yakazama mpaka milangoni, na Yustina akabaki hukohuko. Akatuma barua: njia imekatika, watunze watoto, watunze na kuku wangu, ni wanane. Kasiani akasoma, akahesabu kuku, wanane kweli, akaridhika.

Ramadhani ikaingia na mvua hiyohiyo. Kila jioni Bi Mgeni alimletea Kasiani na binti zake wawili, Pendo na Witness, sahani ya futari iliyofunikwa kawa: leo mihogo ya nazi, kesho tambi, keshokutwa ming'oko na samaki. Miaka yote alifanya hivyo, na miaka yote Yustina alizirudisha sahani zile na kitu ndani yake, hata kama ni maembe mawili. Kasiani alizirudisha zimeoshwa vizuri sana. Tupu.

Siku ya kumi Pendo, mwenye miaka minane na akili ya bibi, akamwambia, "Baba, mama huwa anaweka kitu."

Aibu ilimpanda Kasiani mpaka masikioni. Akaamua: Jumamosi nachinja kuku, na bakuli la kwanza ni la Bi Mgeni.

Hapa lazima niwaeleze habari ya kanga, maana bila kanga hapana kesi. Yustina na Bi Mgeni walikuwa mashoga wa kweli. Mwaka mmoja walichanga wakanunua doti moja ya kanga ya zambarau, wakaikata katikati, kila mtu akachukua kipande chake wavae sare. Kanga zilipochakaa, kila mmoja akachana yake vitambaa vya kuwafungia kuku miguuni, wasipotee. Vitambaa vikawa sawasawa, rangi moja, maua yaleyale. Kwa hiyo wakakubaliana: kuku wa Yustina mguu wa kushoto, wa Bi Mgeni mguu wa kulia. Makubaliano hayo yalifanyika jikoni, na mambo ya jikoni Kasiani hakuwa na habari nayo. Yeye alijua jambo moja tu, kwamba kuku wa nyumbani kwake wana kitambaa cha zambarau.

Jumamosi mchana tetea mmoja mnono akaja kuparura mlangoni. Kasiani akatazama mguu. Zambarau. Akamrukia, akamkosa, akaanguka kifudifudi kwenye tope. Akainuka, akamrukia tena, akashika manyoya ya mkia tu. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mara ya tatu akamkumbatia kuku kifuani, tope tupu yeye na kuku wake, akampeleka kwa Mzee Nuhu.

Mtaani kwetu Mkristo akitaka kuchinja nyama ambayo jirani zake Waislamu nao waile, humwita Mwislamu achinje, na hiyo kazi aliifanya Mzee Nuhu. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, lakini kisu alikijua kwa mkono. Alimpapasa kuku kifua, akasema, "Mashallah, Yustina anajua kufuga," akasoma bismillahi, kazi ikaisha.

Kasiani alipika mwenyewe. Alitia nazi nyingi na chumvi kidogo, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja, akaongeza nazi. Mwisho mchuzi ukakubali. Akampakulia Bi Mgeni paja, kidari, na juu yake akaweka firigisi, kitu ambacho kwao Umatengoni huwezi kumnyang'anya baba mwenye nyumba. Wakati wa kufuturu Pendo akapeleka. Akarudi mbio: "Bibi anasema Mungu akuzidishie, baba. Anasema mwaka huu hajala kuku mtamu kama huyu."

Kasiani akalala mtu mwema.

Asubuhi, Jumapili, alikuwa anatoka kanisani na watoto, amevaa shati jeupe, ndipo aliposikia sauti ya Bi Mgeni tangu njia panda.

"Warda! Warda weee! Nitolee kuku wangu!"

Watu walikuwa wamejaa uani. Bi Warda alisimama mlangoni kwake ameshika mwiko. "Kuku gani? Nimefunga mimi, Bi Mgeni. Usinifunguze."

"Si wewe uliyesema kuku wangu akirudia kuparura mchele wako utamchinja? Hukusema?"

"Nilisema. Kusema ndiyo kuchinja?"

"Basi kaenda wapi? Kapanda meli?"

Watu wakacheka. Ni kweli Bi Warda alisema. Wiki mbili nyuma walikuwa wamegombana, kwanza kwa sababu ya maji machafu ya Bi Warda ambayo mvua iliyasukuma mpaka jikoni kwa Bi Mgeni, halafu kwa sababu ya kuku wa Bi Mgeni aliyeingia kwenye ungo wa mchele wa vitumbua. Katika hasira zile Bi Warda aliapa mbele ya mtaa mzima: akija tena namchinja. Ulimi hauna mfupa, jamani. Sasa kuku hayupo, na maneno yapo.

Kasiani alimwonea huruma Bi Mgeni. Masikini, alijisemea, jana tu kala kuku wangu na leo kapoteza wake. Akaingia ndani, akavua shati, akaenda kuwamwagia kuku pumba. Mkono ukimwaga, macho yakihesabu, kama kawaida yake. Wanane.

Akahesabu tena. Wanane. Akawafukuza pembeni, akawahesabu mmojammoja wakirudi. Wanane. Mtu aliyemchinja mmoja kati ya wanane jana, kisha leo anao wanane!

"Pendo," aliita polepole, "mama yako kuku wake hufungwa kitambaa mguu gani?"

"Wa kushoto, baba. Wa kulia ni wa Bi Mgeni."

Alikwenda kwenye shimo la taka nyuma ya choo, akachokoachokoa majivu kwa kijiti, akaupata. Mguu wa kuku, wa kulia, na kitambaa cha zambarau kikiwa bado kimefungwa fundo.

Mimi namjua Kasiani. Siyo mwizi, na wakati ule hakuwa hata mwoga, alikuwa mtu wa kawaida. Alitoka nje akisema nakwenda kusema sasa hivi. Alifika mpaka kwenye ua wa makuti. Lakini pale uani neno lilikwishatoka. Zainabu, dada mmoja asiyekosa ugomvi wowote mtaani, alikuwa amelisema kwa sauti: mwizi. Na watu wamelirudia. Kasiani, karani wa bandari, msomaji wa somo la kwanza kanisani, akaliangalia neno lile na kuona kwamba akipiga hatua mbili tu, analivaa yeye. Akasema moyoni, ngoja hasira zitulie. Nitasema kesho.

Kesho yake hakusema. Kesho yake alifanya ujanja.

Alfajiri alimkamata tetea mmoja wa Yustina, akahamisha kitambaa kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia, akamrusha juu ya ukuta kwa Bi Mgeni. Akaenda kazini anapiga mluzi. Kuku karudi, kesi imekwisha, nani ataumia? Yustina atakuta saba. Atamwambia mmoja kaliwa na kicheche.

Jioni alipofika mtaani alikuta watu ni wengi kuliko jana.

"Huyu siye!" Bi Mgeni alikuwa amemshika kuku miguu juu. "Wangu alikuwa na kidole kilichokatika, huyu anavyo vyote. Mwizi kaogopa, kaniletea wa kunifumba macho! Na tazameni, kafunga kitambaa. Kanga hii ni yangu. Kitambaa cha kanga yangu kakitoa wapi, kama siyo kwenye mguu wa kuku wangu aliyemchinja?"

Watu waliguna. Hata waliokuwa upande wa Bi Warda waliguna. Yustina, mwenye nusu nyingine ya kanga, alikuwa Mbinga na hakuna aliyemkumbuka. Bi Warda alijaribu kusema kitu, Zainabu akamkatiza, na mwisho akaingia ndani akafunga mlango.

"Sina ugomvi naye tena," Bi Mgeni akatangaza. "Ijumaa nasomesha Albadiri. Aliyemla kuku wangu atajulikana, yeye na kila aliyeonja mchuzi wake."

Kisomo hicho watu wa pwani hawakitaji kwa mzaha. Mtu akisikia kitasomwa juu ya kitu kilichoibiwa, hata asiye na hatia huangalia nyuma yake. Kasiani alijiambia mimi ni Mkatoliki, hayo hayanihusu. Usiku ule hakula. Asubuhi alisimama mbele ya kioo, akainua fulana, akaangalia kama tumbo limeanza kuvimba. Kisha akajipima kwa mkanda. Tundu lilelile. Akapumua, halafu akaona aibu kwamba amepumua.

Na kilichomuumiza zaidi siyo tumbo. Kila alasiri, saa ambayo zamani watu walijipanga kwa Bi Warda kununua vitumbua vya kufuturia, sasa hakuja mtu. Nani anunue kitumbua kwa mtu atakayesomewa? Beseni limejaa, limefunikwa kitambaa cheupe, na mwenyewe amekaa nyuma yake kwenye kigoda anatazama njia. Kasiani alipita siku ya kwanza akitazama chini. Alipofika mbele miguu ikagoma. Akarudi.

"Nipe vya… nipe vyote, Bi Warda."

"Vyote, Baba Pendo? Thelathini na sita?"

"Watoto wanavipenda."

Watoto walivipenda siku ya kwanza. Siku ya pili Witness alilia alipoona mfuko. Kasiani akaanza kuvipeleka bandarini kwa wasiofunga, wakampa jina la Baba Vitumbua. Alikula vitumbua asubuhi, akala mchana, mpaka suruali ikabana, na ilipobana akashtuka akidhani Albadiri imewahi kabla ya Ijumaa. Mtaa nao haukulala. Mkewe hayupo, wakasema, na yeye kila alasiri yuko mlangoni kwa Warda. Vitumbua thelathini na sita! Si bure.

Jumatano jioni Pendo akashikwa na homa.

Ilikuwa malaria, mganga wa zahanati alisema hivyo na akatoa vidonge. Kasiani akavikubali vidonge, lakini moyoni alikuwa anasikia sauti moja tu: yeye na kila aliyeonja mchuzi wake. Pendo aliramba bakuli. Kasiani alikaa kando ya kitanda, anahesabu pumzi za mtoto.

Alhamisi alasiri akaingia Bi Mgeni, na swaumu yake, na mvua yote ile, amebeba uji wa mgonjwa.

"Shikamoo, mama," alisema Kasiani.

"Marahaba. Mtoto anaumwa na huniambii? Sisi ni jirani gani?" Akakaa kitandani, akalowesha kitambaa, akamwekea Pendo kwenye paji la uso. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyelea. Na huku anambembeleza akaendelea na hadithi yake ya kila siku: "Lala, mjukuu wangu. Eh, Baba Pendo, shehe kakubali. Kesho baada ya swala ya Ijumaa. Aliyemla kuku wangu ataona, yeye na kizazi chake." Na kiganja chake kiko juu ya paji la mtoto aliyemla.

Kasiani akapiga magoti. Hakukusudia, magoti yalikwenda yenyewe.

"Bi Mgeni, usisomeshe."

"Kwa nini nisisomeshe?"

"Kuku wako nilimla mimi."

Bi Mgeni akamtazama kama mtu anayesubiri utani umalizike.

"Sikujua kuwa ni wako. Nilitazama kitambaa, sikutazama mguu. Huyu mtoto alimla. Witness alimla. Na wewe ulimla, mama."

"Mimi?"

"Lile bakuli la Jumamosi."

"Na firigisi?"

"Na firigisi."

Bi Mgeni aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Kasiani alidhani analia, kumbe kicheko, kicheko kilichomtoka mpaka kitanda kikalia nacho na Pendo akafumbua macho. "Nimemla kuku wangu! Na nikausifia mchuzi! Mungu wangu, kesho ningejisomea mwenyewe!" Hapo kicheko kikakatika ghafla. Alishika tumbo lake. "Astaghfirullah. Ningejisomea mwenyewe."

Alipotulia alimshika Kasiani bega. "Inuka. Hukuiba, ulikosea. Nimekusamehe duniani na akhera, kuku ni halali yenu tangu leo. Mtoto atapona." Kasiani alilia, sitawaficha. Lakini Bi Mgeni hakuwa amemaliza. "Ila sikiliza, baba. Jambo hili liishie hapahapa. Mtaa huu ukijua kwamba siku zote nilipokuwa napiga kelele, kuku yumo tumboni mwangu, nitapita wapi? Watoto wataniimbia. Kesho nitasema nimemwachia Mungu, basi."

"Na Bi Warda?"

"Warda? Watu watasahau. Watu husahau, Baba Pendo."

Kasiani akasema, "Sawa, mama."

Neno dogo tu. Alikuwa amesamehewa, mtoto anatoka jasho na homa inashuka, na mtu aliyesamehewa husema sawa kwa chochote. Lakini mimi sitampamba. Mpaka siku ile lilikuwa kosa. Kuanzia hapo likawa dhambi, na yeye mwenyewe alijua, kwa sababu alipotoka nje kumsindikiza Bi Mgeni hakuthubutu kutazama upande wa ua wa makuti.

Ijumaa Bi Mgeni akatangaza kuwa kesi amemwachia Mungu. Mnadhani ilisaidia? Watu walisema: mnaona? Kamwonea huruma Warda. Kama siye, si angesomesha? Kwa hiyo sasa Bi Warda alikuwa mwizi aliyehurumiwa, ambaye ni mbaya kuliko mwizi. Asubuhi akienda bombani, wanawake walivuta ndoo zao mbali na yake. Zainabu aligundua mchezo: akimwona tu anaita "tetetetete," kama anayewaita kuku, na wengine wanacheka kwenye mikono. Bi Warda alikinga maji yake, akaondoka, na kila siku ndoo aliyokuja nayo ilikuwa ndogo kuliko ya jana.

Kasiani aliendelea kununua vitumbua. Ndiyo toba aliyoiweza. Pendo alikuwa amepona, anacheza, na kila akicheka Kasiani alijisikia kama mtu anayekula mali isiyo yake. Mara mbili alifika mlangoni kwa Bi Warda na maneno yakiwa kwenye ncha ya ulimi, na mara mbili alisema, "Nipe vyote." Aliungama kwa padri pia. Padri alimpa rozari tatu, akamwuliza kama amekwenda kumsafisha yule mama jina. Kasiani akasema atakwenda. Rozari alisali tisa.

Siku ya Idi, saa nne asubuhi, Bi Warda akaja mwenyewe. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi, mikononi bakuli la kalimati. Akakaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia ndani, ili watu wasipate la kusema.

"Nimekuja kuaga, Baba Pendo. Nimefunga mizigo. Keshokutwa naenda kwa kaka yangu Mikindani."

"Unarudi lini?"

"Kurudi kwa nani?" Alitabasamu kidogo. "Sikuja kulalamika, nimekuja kushukuru. Karibu wiki tatu mtaa huu umenitazama mimi ni mwizi. Bi Mgeni, sawa, tuligombana. Lakini hata watu niliozika nao wazazi wao! Wewe, mtu wa mbali, dini nyingine, uliendelea kuja. Wakakuzulia kuwa unanitaka, hukuacha. Nilijiambia, Warda, angalau mtu mmoja anaamini hukuiba. Hilo ndilo lililonifanya niamke asubuhi." Akamsogezea bakuli. "Hizi sikuuzii. Ni za Idi."

Kasiani alilitazama bakuli lile, na kalimati zake zikimeremeta shira. Mikono ilikataa kwenda.

"Bi Warda, mimi sikuamini hukuiba. Mimi nilijua. Aliyemla kuku ni mimi."

Akamweleza yote: kitambaa, Mzee Nuhu, mguu majivuni, kuku aliyemrusha juu ya ukuta, Bi Mgeni na kicheko chake, na ile sawa yake. Alisema haraka haraka, kichwa chini, na alipomaliza alijisikia mwepesi. Mwepesi! Alinyanyua uso akitegemea atukanwe, au pengine, Mungu amsamehe, atulizwe.

Bi Warda hakuwa amebadilika uso. Alikuwa anamtazama tu.

"Unaniambia mimi ili iweje?"

"Nimeshindwa kukaa nalo."

"Mimi sikuiba, Baba Pendo. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, sikuhitaji kuambiwa. Wasiojua hawako hapa." Alisimama. "Kesho asubuhi watakuwa bombani wote. Kawaambie wao."

Akalichukua bakuli lake la kalimati, akaenda nalo.

Siku ya pili ya Idi Kasiani alikwenda bombani na ndoo. Mwanaume mzima, karani, na ndoo! Wanawake walikuwa kama ishirini. Alikuwa amekwishawahesabu, ishirini na mbili. Bi Mgeni alikuwa wa tatu kutoka mbele. Bi Warda wa mwisho, peke yake, ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenzake.

Kasiani alipita foleni yote mpaka mbele.

"Jamani, samahanini. Idi njema. Kuku wa Bi Mgeni nilimla mimi."

Mtu akacheka. Kisha wengine, maana walidhani Baba Vitumbua kaja na utani wa sikukuu. Akaendelea, sauti ikimpasuka: akawaeleza kitambaa na mguu wa kulia, akawaeleza kuku wa bandia, akawaambia Bi Warda hajagusa hata unyoya. Kicheko kikafifia. Akafika kwenye bakuli la Jumamosi, na kabla hajataja aliyelila, Bi Mgeni akaangusha ndoo.

"Baba Pendo! Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

Hakuna aliyecheka tena. Walimgeukia Bi Mgeni, ishirini na mmoja kwa pamoja, na yeye akasikia alichokisema. Akainama kuokota ndoo, na ilimchukua muda mrefu sana kuiokota.

"Kumbe ulijua," Zainabu alisema polepole. Halafu pengine akakumbuka tetetete zake. Maji yalikuwa yanamwagika bombani, hakuna anayekinga.

Mwisho Zainabu, aliyekuwa wa kwanza bombani, akavuta ndoo yake pembeni. Wa nyuma yake naye akavuta, na wa nyuma yake, mpaka njia ikafunguka kutoka mwisho wa foleni hadi kwenye bomba. "Bi Warda," aliita, "njoo, dada. Tangulia wewe."

Bi Warda aliitazama ile njia. Aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Nitasubiri zamu yangu," alisema.

Akabaki palepale mwisho. Foleni ikaanza kusogea, ndoo kwa ndoo, kimya kimya. Kasiani akarudi nyuma akasimama baada yake, na kati yao akaacha nafasi ileile ya mtu mmoja, kwa sababu hakujua kama ana ruhusa ya kuiziba.